Kisima cha Guyo Kilichosuguliwa

WAJIR, 1951 – Jua limeshachomoza, na Guyo Yarrow anateremka kisimani, kamba kiunoni, akikanyaga vishimo alivyovichonga mwenyewe kwenye jiwe la chokaa. Hakuja kuchota maji. Maji hayapo.

Ndani ya karai lake mna matope na vipande vya kuvumwani, ile mimea midogo laini ya kijani inayoota kwenye mawe yenye unyevu. Anavibandika ukutani kimoja kimoja, kama mtu atiaye viraka.

Guyo ni mchimba visima, na baba yake alikuwa mchimba visima. Kwa desturi ya hapa, kisima ni cha aliyekichimba maadamu kinatoa maji. Kikikauka mpaka mvua ipite, wazee humpa mwingine ajaribu bahati yake. Mvua imepita, wazee wanakuja kesho, na ngamia wa mkewe, Saynab, wako njiani kutoka malisho ya Diff.

"Nikinyang'anywa hii, nitakuwa mtu wa kuomba maji," anasema. Jambo hilo linamuuma, wala halifichi.

Mmea huu ndio mpelelezi wake. Hauna mizizi, hujishikiza kwa nyuzi nyembamba na kunywa kwa majani. Ukikosa maji hujikunja ukawa kahawia, ungedhani umekufa, lakini ukilowa hufunguka tena. Basi Guyo huulowesha ukuta asubuhi kwa maji kidogo anayoyabeba kutoka nyumbani na kukagua jua likiwa utosini. Penye jiwe kavu, kijani kimesinyaa. Kikibaki kibichi, nyuma yake kuna mshipa wa maji, na hapo ndipo hupiga mtaimbo.

Jana kazi yote nusura iharibike. Abdille, kaka wa Saynab, aliona ni aibu wazee kukuta kisima kichafu. Huku vibuyu vya maziwa husuguliwa mpaka vikatakata, kisha vikafukizwa moshi. Abdille akakisugua kisima vivyo hivyo. Bahati nzuri moshi aliusahau. Akapanda juu na karai limejaa kijani, uso umemkunjuka.

"Sasa shemeji, kosa yangu iko wapi?" aliuliza alipoona Guyo ameketi chini. "Chombo ya maziwa tunaosha. Kisima je?"

Saynab ndiye aliyemwinua mumewe. "Kitu haina mizizi, wewe unalilia nini? Rudisha ukutani."

Guyo akacheka. Ndiyo maana leo anabandika, hata chini ya mwamba uliochomoza, mahali ambapo mmea huo haukuwahi kuota kwa kuwa mwanga haufiki.

Saa sita anashuka tena. Ukuta mzima umegeuka kahawia. Chini ya ule mwamba alibandika vipande viwili, vyote kivulini. Cha kushoto kimesinyaa. Cha kulia ni kibichi.

Mtaimbo unalia kwa muda mrefu. Jiwe linatoka jasho kwanza, kisha uzi wa maji unateremka hadi kwenye vidole vya miguu yake. "Alhamdulillahi," anasema.

Kabla ya magharibi ngamia wa kwanza ameinamisha shingo kwenye hori. Guyo amepanga kubandika kijani kilichobaki ukuta mzima, pasiguswe tena na brashi ya mtu. Abdille anauliza, kwa unyonge, wazee watasemaje kesho.

"Watakuta kisima chafu," Guyo anamjibu, akimpa ndoo, "na ngamia inakunywa."