Nilikata Miti ya Dada Yangu Nikajijengea Nyumba ya Mbao

Nilikosa. Sitaki kuanza na maneno mengi ya kujitetea, kwa sababu nimejitetea sana na hakuna aliyeniamini, hata mimi mwenyewe. Nilimwibia dada yangu. Sikuiba kuku wala simu. Niliiba miti yake yote kumi na tisa, nikaipasua mbao, nikajijengea nyumba.

Wewe unayesoma, nisikilize kama vile tumekaa wawili tu. Jina langu sitasema. La dada nitalibadilisha, nitamwita Nasimiyu.

Kwetu ni Kabuchai, Bungoma. Tulizaliwa wawili tu, Nasimiyu kifungua mimba, mimi nikamfuata. Baba alipokuwa hai alipanda saipresi kule chini ya shamba karibu na mto, safu mbili. Moja akasema ni ya Nasimiyu, nyingine yangu. Watu walimcheka. Ati msichana naye apandiwe miti? Ataibeba aende nayo kwa bwana?

Baba akawaambia, "Huyu ni mtoto wangu. Siku akitaka mbao, atakuja kukata."

Safu yangu ilikatwa zamani, ikanipeleka chuo cha ufundi. Ndiyo maana leo mimi ni seremala, nafanya kazi kwa karakana moja ya mbao hapa Kitale. Safu ya Nasimiyu ilibaki imesimama, inanenepa kila mwaka.

Yeye aliolewa Cheptais, na mambo ya huko hayakuwa mazuri. Bwanake alikuwa mwepesi wa mkono. Akinipigia simu hakuwa anaongea sana juu ya kipigo. Alikuwa anauliza tu miti.

"Bado iko?"

"Iko, dada. Imekuwa minene."

"Niangalilie, ndugu yangu. Siku nikirudi wewe ndiye utanijengea. Vyumba viwili tu, mimi na watoto."

"Wewe usijali. Si mimi ndio fundi?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu!

Sasa, karakana yetu ikapata kazi ya kujengea tajiri mmoja nyumba ya mbao, ile watu wanaita kebini, huko juu kwenye barabara ya kupanda mlimani. Nilikaa kwa hiyo kazi wiki nyingi. Siku tulipomaliza, nikasimama kwa veranda nikaangalia chini, sikutaka kuteremka. Mimi hutengenezea watu milango mizuri halafu narudi kwa nyumba ya kukodi, chumba kimoja na bibi na watoto, mlango wenyewe haufungi mpaka uuinue. Nikasema hapana. Na mimi nitakuwa na kebini yangu.

Nikanunua daftari, nikaanza kuchora. Veranda iangalie Mlima Elgon. Dirisha moja kubwa, refu kuliko mimi. Ngazi ya kupanda juu, tulale huko chini ya paa. Nilichora, nikafuta, nikachora tena. Kila nikipiga hesabu ya mbao nilikuwa najua zitatoka wapi. Nilijua tangu ukurasa wa kwanza!

Nikaenda nyumbani Jumamosi moja, nikampata mama anapukusa mahindi.

"Mayi," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "nimeongea na Nasimiyu. Amesema nikate ile miti yake."

Mama akaacha mahindi. "Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na yeye utamwachia nini?"

"Tutampandia mingine."

Akanishika mikono yote miwili, akaomba Mungu anilinde nisikatwe na chombo. Jamani! Mama yangu aliiombea mikono ya mwizi!

Utauliza nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nafikiria vile wanaume wengi hufikiria. Ameolewa. Ana watoto huko. Wanawake husema watarudi, halafu hawarudi. Na hata akirudi, si atakaa kwa mama? Nilijipangia maneno hayo mpaka yakafanana na ukweli.

Kijana wa msumeno wa mashine alikuja asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana miti yote ilikuwa chini. Harufu ya saipresi ilijaa mpaka kwa jirani. Na mimi sitakudanganya: nilifurahi. Nilitembea juu ya magogo nikipiga mluzi.

Magogo yalipopasuliwa, nilizipanga mbao kwenye kivuli, kati ya ubao na ubao vijiti ili upepo upite, nikangoja kiangazi chote zikauke. Halafu nikaanza kujenga, pale pale nyumbani Kabuchai. Kila wikendi, kila likizo. Nikajenga nguzo za mawe ili mchwa wasipande. Mihimili nikaipaka oili chafu ya gari. Pembe za nyumba sikupiga misumari. Nilichonga ulimi na tundu kwa patasi, moja moja, mpaka ubao ukaingia ndani ya mwenzake ukakaa kimya. Kila ubao wa ukuta niliupiga randa kwa mkono, ingawa kule kazini kuna mashine, kwa sababu nilitaka kila kipande kiwe kimepitiwa na mkono wangu.

Hata leo na uchungu wote huu, nasema ile kazi ni safi. Na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Afadhali ningejenga vibaya!

Wakati huo wote Nasimiyu alikuwa anapiga simu. Mara nyingine naacha ilie. Siku moja nikashika.

"Miti iko?"

"Iko, dada."

Nilikuwa nimeikalia. Nilikuwa nimekaa juu ya rundo la mbao zake, nakunywa chai.

Siku ya kufungua nyumba nilialika watu. Mchungaji akaja, majirani wakaja, kuku wakachinjwa. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani. Kila mtu alikuwa anapapasa kuta na kusema, bana, huyu kijana ana mikono.

Ndipo bodaboda ikaingia. Nasimiyu akashuka na watoto wake wawili na begi moja. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba limefunga. Alikuwa ametoka Cheptais, na hakuwa wa kurudi.

Hakusalimia mtu. Aliteremka moja kwa moja mpaka kule mtoni. Tulimwona akisimama kwenye visiki, anageuka huku na huku kama mtu amepotea njia. Akapanda tena, viatu vimejaa matope.

"Miti yangu iko wapi?"

"Dada, karibu kwanza. Kaa, unywe chai."

"Nimeuliza miti yangu iko wapi."

Mama akasimama. "Nasimiyu, si ulimruhusu? Aliniambia ulimruhusu."

Nasimiyu akamwangalia mama, halafu akaniangalia mimi. Akaenda kwa ukuta, akaweka kiganja chake, akakiburuta polepole juu ya ubao.

"Umepiga randa vizuri," akasema.

Hapo ndipo ningepiga magoti. Hapo hapo, mbele ya mchungaji na majirani, niseme nimekosa. Lakini macho ya watu yalikuwa kwangu na aibu ikanigeuka ikawa hasira. Nikapaza sauti.

"Wewe umeolewa! Ng'ombe za mahari yako zilikuja hapa zikaliwa! Rudi kwa bwanako. Miti ya hapa ni ya watu wa hapa!"

Nilimwambia hivyo jicho lake likiwa vile! Watoto wake wameshika sketi yake!

Mzee mmoja jirani akaweka kikombe chini, akachukua kofia yake akaenda. Halafu wa pili. Halafu wengine. Kuku walibaki kwenye sufuria. Mchungaji akauliza kama bado tunaomba, halafu naye akawafuata.

Mama alikuwa hajaingia ndani bado, alikuwa amengoja nyumba iombewe kwanza. Akasema, "Mimi siingii humo." Akamchukua Nasimiyu na watoto, akawapeleka jikoni kwake.

Bibi yangu naye akakusanya watoto wetu turudi Kitale siku hiyo hiyo. "Mimi silali ndani ya machozi ya dada yako," akaniambia. "Na hata mimi ulinidanganya."

Baada ya siku mbili nikasikia Nasimiyu ameondoka Kabuchai. Nikajiambia amerudi Cheptais. Nilitaka iwe hivyo, ndiyo maana sikuuliza. Na nyumbani nikaacha kwenda, naogopa macho ya majirani.

Sasa sikia. Kwa karakana yetu huja akina mama kutoka Kipsongo, mtaa wa mabanda hapa Kitale, kuokota maranda na vipande vidogo vya mbao vya kupikia. Huwa tunawaacha tu. Mchana mmoja nikasikia sauti nje ikimuuliza mwenzangu wa kazi.

"Kaka, naweza kuchukua hivi vidogo?"

Nilijua hiyo sauti kabla sijageuka. Ni Nasimiyu. Alikuwa na gunia. Amekonda. Na unajua mimi nilifanya nini? Nilijificha! Mwanamume mzima nikachutama nyuma ya mbao mpaka alipojaza gunia lake akaenda.

Nilikaa na hilo jambo wiki nzima. Halafu nikaenda Kipsongo, nikauliza uliza, nikaonyeshwa chumba chake. Nje ya mlango, juu ya mkebe uliopinduliwa, nikampata mama amekaa anachambua mboga. Mama yangu! Mwenye shamba lake na jiko lake Kabuchai!

"Mayi, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kukaa na mtoto wangu asiye na mahali," akasema. Hakuinua hata kichwa.

Nikapiga magoti kwenye tope. Watu wa pale wakasimama kutazama. Nikasema nyumba ni yenu, chukueni, mimi sitakanyaga tena. Nasimiyu alikuwa anafua nguo za watu, na hakuacha kufua.

"Nirudi nikae katikati ya watu waliosikia ukinifukuza?" akasema. "Na hiyo nyumba si yangu. Ina ngazi mama hawezi kupanda. Ina dirisha la kuangalia mlima. Ulijichorea wewe. Mimi niliomba vyumba viwili."

Mvua ilipokuja, kile chumba kilivuja na mama akashikwa na kifua. Tulimpeleka hospitali, wakajaribu, hakuamka. Woi, mama yangu!

Nikamwambia Nasimiyu jambo moja tu niachiwe: nimtengenezee mama jeneza. Nimetengenezea watu wengi. Nilikuwa na mbao nzuri zilizobaki kwa ile nyumba, zimekauka vizuri.

Akakataa. "Mama hakuingia ndani ya hizo mbao akiwa hai. Hataingia akiwa amekufa."

Akanunua lingine mahali pengine. Lilikuwa la mbao nyepesi, pembe hazikukutana, msumari mmoja umetokeza ubavuni. Nililibeba begani mimi fundi, msumari ule unanikwaruza, na sikuthubutu kugusa nyundo.

Tulimzika Kabuchai, kando ya baba. Nasimiyu akarudi Kipsongo na watoto wake. Nimepanda miche mipya pale mtoni, nikamtumia ujumbe kumwambia. Akajibu mara moja tu: "Watoto wangu wanahitaji mahali pa kulala leo."

Kebini iko. Nimeifunga na kufuli. Wakati mwingine watu wa mbali hupita wakauliza ni fundi gani aliijenga, wanataka kama hiyo. Nawaambia simjui.

Ndugu yangu mwenye dada, nakuomba. Kitu ulichoachiwa uangalie ni cha mwenyewe, hata akiwa mbali, hata akiwa ameolewa na ng'ombe zimeliwa. Ukikitaka, muulize yeye. Usiulize moyo wako, utakukubalia kila kitu. Akikataa, kaa kwa nyumba ya kukodi, hutakufa. Na kama umeshakichukua, piga simu useme leo, kabla hajafika mlangoni na begi. Mimi nilikuwa na kiangazi chote na miezi yote ya kujenga, muda wa kutosha kusema "dada, nimekosa." Sasa neno hilo nalisema kila siku, na nalisema peke yangu.