Upande wa Kushoto Ambao Ubongo Wangu Ulinificha

Mimi ni Mama Feza. Nakaa Kalemie, nakausha samaki aina ya mikebuka kwa moshi na kuuza. Nimemaliza sekondari, kwa hiyo haya ninajiandikia mwenyewe, na ninaandika nikiwa na hasira. Anayetaka ushuhuda mutamu atafute kwa mwingine.

Zamani nilitunga uzi kwenye sindano jua likiwa limeshazama. Shida yangu ilikuwa moshi tu: macho yanawasha, yanakuwa mekundu kama pilipili. Muuzaji wa farmasi moja akanipa kichupa. "Tia matone mawili, Mama. Yatakuwa meupe kama ya mutoto." Kweli yakawa meupe. Kichupa kikiisha, nanunua kingine. Miaka miwili! Hakuniuliza kitu hata siku moja.

Sikusikia maumivu. Sikuona giza. Hilo lishikeni, maana watu wananiuliza kila siku: "Ulikuwa unapofuka na hukujua?" Sikujua! Nilianza kugonga bega la kushoto mulangoni. Nikawa nakwaa ndoo niliyoiweka mwenyewe. Sokoni wakasema, "Mama Feza hasalimu tena, diplome imemupanda kichwani." Nikawajibu vibaya, kwa sababu sikuwa nimeona muntu wa kunisalimia.

Kisha mama mukwe akaja kutoka Kabalo kututembelea. Asubuhi ya kwanza alikaa kando ya mulango, upande wa kushoto, akaninyoshea mukono. Nikapita na maji yangu. Asubuhi ya pili, vilevile. Kwetu hilo si kosa, ni tusi. Akaliweka moyoni.

Siku ya nne nilitoa wavu wa chuma wa kukaushia samaki kwenye moto, nikageuka. Nikasikia ngozi inaungua kabla ya kusikia kilio. Feza, binti yangu wa miaka mitano, alikuwa amesimama kushoto kwangu. Mukono wake ukatoka malengelenge makubwa kama mayai ya njiwa.

"Alikuwa hapo hapo!" mama mukwe alipiga kelele.

"Sikumuona, Mama."

"Mimi hunioni, mutoto humuoni, samaki tu njo unaona! Unaona unachokipenda."

Juma lililofuata akapanda treni kurudi Kabalo na Feza, bandeji ikiwa bado mukononi. Mume wangu hakuwazuia. Alisema, "Mama Feza, hata mimi naogopa."

Siku zile timu ya hospitali ya kupima macho ilifika katika muji wetu. Nilienda kutafuta karatasi ya kusema macho yangu ni mazima, ili mutoto wangu arudi. Munganga alikaa mbele yangu. "Ziba jicho la kuume. Angalia pua yangu. Ukiona vidole, sema."

Nikangoja. Nikachoka. "Munganga, anza basi!"

"Mama, vidole vinacheza tangu umekaa."

Nikageuza kichwa kushoto. Vilikuwa pale, vinacheza. Nilitaka kumupiga.

Ugonjwa unaitwa glaukoma. Alinieleza hivi: jicho linapokea mwanga, lakini ubongo njo unaona. Kati yao kuna mushipa wenye nyuzi nyingi sana. Presha ya maji ndani ya jicho ilikuwa imepanda, ikaua nyuzi hizo moja baada ya nyingine. Na habari ikikosekana, ubongo hauachi shimo jeusi. Unatia kiraka, kama fundi anayeziba tundu kwa kitambaa cha rangi ileile. Pale alipokuwa Feza, ubongo wangu ulinichorea ukuta.

Basi ni kichwa changu mwenyewe kilichonidanganya! Mukifikiri nilimushukuru Mungu saa ile, hapana. Nilitukana.

"Unatumia dawa gani?" Nikatoa kichupa. Akakisoma, akakiweka mezani polepole. Alisema dawa ya namna ile, ukiitia muda mrefu bila kupimwa, inaweza kupandisha presha ya jicho. Kwangu ilipandisha.

"Nyuzi zilizokufa hazirudi, Mama. Tupiganie zilizobaki."

Walinipasua jicho la kushoto, lililoharibika zaidi, ili maji yapate njia. Sindano ya ganzi iliuma mpaka nikauma shuka. Siku nyingi jicho lilitoa machozi, nilihisi kama lina muchanga. Lakini presha ilishuka, na imebaki chini. Natia dawa aliyonipa munganga asubuhi na jioni, nitatia mpaka kufa. Kushoto hakujarudi. Nimejifunza kugeuza kichwa kama kuku.

Mume wangu alipiga simu Kabalo mara tatu kueleza ugonjwa huu. Mama mukwe akajibu, "Kipofu gani anachagua samaki?" Mwishoni alikuja, na Feza. Akasimama palepale pa zamani, kushoto kwa mulango, mukono mbele, ananipima. Mimi nilikuwa namwangalia Feza tu, namukumbatia.

Mutoto akanitoka mikononi, akamuvuta mama mukwe kwa kitenge. "Koko, si hapo! Papa aliniambia. Kuja mbele, huku njo Mama anaona."

Mama mukwe akazunguka. Nikamuona, nikamusalimu kwa mikono miwili. Hakuomba radhi. Lakini Feza alibaki.

Namushukuru munganga yule. Mungu pia, ingawa tuna maneno ya kumaliza mimi na Yeye. Ninyi wenye vichupa vya kufanya macho meupe, vipelekeni kwa munganga leo, aangalie na vichupa, na macho. Musingoje maumivu, hayatakuja. Na mukinipungia mukono nikapita, zungukeni mbele yangu. Mutoto wa miaka mitano ameweza.