Vigae vya Tororo

Mhandisi alikipiga chungu teke mbele ya macho yangu, kikapasuka. Kilikuwa kimetoka ardhini kizima dakika chache tu kabla. Walikuwa wakichimba msingi wa ghorofa mjini Tororo, palipobomolewa maduka ya zamani ya Wahindi, nami nilikuwa nimeletwa kutoka Busia, upande wa Kenya, kuwachomelea mageti. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Nikipata nafasi huunda picha za ukutani kwa vitu vilivyotupwa.

"Umevunja kitu cha kale," nilimwambia.

"Madam, hiyo ni takataka," akasema, akipangusa kiatu. Kiatu ndicho kilichomhuzunisha. Msomi mzima wa kupima ardhi, na hajawahi kujiuliza ardhi hiyo iliwahi kukaliwa na nani.

Niliokota vigae hadi jioni, nikavitia guniani. Nikapata na chungu kingine kidogo, kizima, chenye michoro kama msuko shingoni. Langoni nikazuiwa na afisa wa utamaduni, ambaye tangu asubuhi alikaa kivulini akinywa soda ya mhandisi na kutazama vigae vikimwagwa barabarani kuziba mashimo.

"Wewe nakwenda wapi na hii mali ya serikali?"

"Na ile inayokanyagwa na malori ni mali ya nani?"

Alitia mkono guniani, akachomoa kile chungu kizima, akasema kinakwenda kuhifadhiwa. Vigae akaniachia, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Mwezi uliofuata nilipita ofisini kwake kukitazama. Kilikuwa sakafuni, kimejazwa kokoto, kinazuia mlango usifungwe na upepo. Karani alikuwa akila njugu na kutupia maganda humo. Nikamwaga kila kitu palepale, nikakikumbatia chungu. Karani aliinua miguu nipite, akaendelea kutafuna.

Busia nilichomelea fremu kwa vyuma vya madirisha ya maduka yale, nikapanga vigae ndani kwa saruji, chungu katikati. Chini nikaandika kwa rangi nyeupe: Kazi ya Watu Waliotoweka. Nikaitundika nje ya karakana, nikajiona ndimi pekee niliyebaki na akili kuanzia Busia mpaka Tororo.

Siku ya soko alipita mama mmoja mfinyanzi kutoka Kwapa, huko huko upande wa Tororo, amebeba vyungu vyake. Akatua mzigo, akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi, mama."

"Vigae vyote umeweka kichwa chini. Midomo naangalia chini." Akapitisha kidole kwenye michoro. "Hii ni kamba ya nyasi. Unabingirisha hivi, udongo ukiwa mbichi. Mama yangu alifanya hivi." Akainua chungu chake kipya; msuko ulikuwa uleule. "Na hapo umeandika nini?"

Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Waliotoweka," akarudia. "Na mimi nimetoka Kwapa leo asubuhi."

Nilikuwa nimewadharau watu wawili wazima, mhandisi na afisa, kwa kutouliza, na mimi sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Nilifuta maandishi mbele yake. Kisha nikachukua patasi nikaanza kubandua vigae. Siku mbili za soko zilizofuata alikuja, akaketi juu ya debe, akawa ananiamuru.

"Si hapo," alisema. "Unapanga kama mtu wa matofali. Toa."

Nikatoa.