Kichuguu cha Mpitimbi na bunduki mbili nilizojaribu kabla ya kununua

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hili sikusimuliwa. Nilisimama pale kwa miguu yangu mwenyewe, na shahidi mmoja bado yuko hai hapa hapa Songea.

Walisema sitaweza. Kwenye baraza za maduka ya Mfaranyaki, hapa mjini, nilikuwa ndiyo mazungumzo ya asubuhi. Eti huyu katoka Bulgaria na diploma, sasa anataka bunduki ya kuchezea, serikali haitampa hata manati. Mmoja akasema kama nataka shabaha nikalenge madirisha ya nyumba yangu, ila kwanza nijenge hiyo nyumba.

Nyumba nilijenga. Karakana ya kusuka mota nilifungua, ya kwanza ya maana mjini. Hiyo ilikuwa miaka ile baada ya ruksa ya biashara huria, maduka yameanza kujaa bidhaa na kila mtu anajiita mfanyabiashara. Mimi nilianza na koleo moja na bisibisi. Sikurithi duka la mtu.

Kilichobaki kilikuwa bunduki.

Chuoni Bulgaria nilikuwa kwenye klabu ya shabaha, na wenyeji wenyewe walikuwa wananipisha. Hatukuua hata panya. Tulilenga karatasi. Kwa hiyo nilijua ninachotaka: semi-auto ya point twenty-two, ile ya rimfire, ambayo risasi yake ni ndogo na hugongwa ukingoni mwa kitako chake. Haipigi bega, kelele yake ndogo, na ukishafyatua inajikoki yenyewe. Jicho lako halitoki kwenye shabaha.

Kibali kilikuwa safari ndefu. Kamati ya kijiji, kata, mpaka kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. OCD hakuwa na shida na mimi. Sharti lake lilikuwa moja: nioneshe mahali pa kulengea penye ukuta wa udongo wa kuzuia risasi. Bila ukuta hakuna kibali.

Nikacheka moyoni. Shamba la marehemu baba kule Mpitimbi lina kichuguu kirefu kuliko nyumba, kipana, kimeota miti kileleni. Askari aliyetumwa kukagua alikizunguka, akakipiga teke, akasema kinafaa.

Aliyekataa ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akilima pale. Hakuwa mtu wa mafumbo. Alikuwa anapalilia maharage, hata mgongo hakuunyoosha.

"Pale baba yako hakuwahi kukata hata fito," akasema. "Wewe unataka kupiga risasi."

Nikamwambia shangazi, hicho ni kichuguu tu, nyumba ya mchwa.

"Ndiyo. Na nyumba ya mtu unaipiga risasi?"

Nikamwacha na maharage yake.

Sasa bunduki. Zilikuwepo mbili za kuuzwa, zote mtumba, zote na wenyewe wenye vibali. Tulikubaliana kila mwenye bunduki aje na yake, mimi nijaribu mbele yake, kisha tufuate taratibu za polisi za kuhamisha umiliki.

Ya kwanza ya Mzee Gama, bwana misitu mstaafu. Kitako kimechubuka, magazini yake ni kiboksi kidogo unachokichomoa chini. Haina mvuto. Ya pili ya Bwana Rashidi, mfanyabiashara kutoka Tunduru aliyehamia Mfaranyaki. Hiyo, wakuu, ilikuwa bibi harusi. Mbao inang'aa, nyepesi, inakaa begani kama imekupima. Risasi zake zinaingia kwenye bomba refu chini ya mtutu, zinasukumwa na springi.

Siku ya kwanza tulijaribu zote. Karatasi nilizibandika kwenye kichuguu kwa vijiti. Ya Mzee Gama ilikwama mara kadhaa, tukagundua haipendi risasi dhaifu, haijikoki vizuri. Ya Rashidi haikukwama hata mara moja. Nikawa nimeshaamua.

Tulipoacha kupiga, ndipo tukasikia.

Sauti ilitoka ndani ya kichuguu. Kama punje kavu za mahindi zinazotikiswa kwenye kibuyu. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Mzee Gama akavua kofia. Rashidi akauliza taratibu kama kuna nyoka. Alipoongea tu, ikakata.

Mimi ni mtu wa diploma, nikawaeleza. Mchwa askari wakishtushwa hugonga vichwa vyao kwenye kuta. Ni kweli kabisa, wanafanya hivyo. Wote wakaitikia kwa kichwa, lakini hakuna aliyetaka kwenda kutoa karatasi. Nilikwenda mimi.

Kesho yake asubuhi tulirudi. Karatasi moja niliyoisahau haikuwepo, vijiti tu. Na matundu yote ya risasi yalikuwa yamezibwa kwa udongo mbichi, mwekundu, umelowa. Huo ulikuwa mwisho wa kiangazi, wakuu. Mpitimbi nzima ilikuwa vumbi. Kichuguu kikavu, kimejaa madoa yaliyolowa kama vidonda vilivyofungwa usiku.

Hilo nalo nililieleza. Mchwa hufuata maji chini sana. Nilieleza vizuri, ila nilijisikia nikieleza kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Nikabandika karatasi mpya, nikachukua bunduki ya Rashidi kwa mara ya mwisho kabla ya kumpa neno. Nikapiga mpaka ikaisha. Nikafyatua tena, ikalia tik, tupu. Nikamkabidhi, nikaanza kwenda kuangalia karatasi yangu.

Nilikuwa nimekaribia. Nyuma yangu hakuna anayepiga. Mkono wangu haujagusa kitu.

Kichuguu kikaanza.

Safari hii haikuwa ile ya jana. Ilikuwa nzito, ya haraka, nikaisikia mpaka kwenye nyayo. Nikasimama. Nikasogea pembeni, nikainama kutega sikio ubavuni mwake.

Bunduki ikalia.

Risasi ilipita pale nilipokuwa nimesimama, ikazama kwenye karatasi, usawa wa kifua changu.

Nilipogeuka, Rashidi alikuwa ameitupa bunduki kwenye majani, ameshika kichwa. "Wallahi ilikuwa tupu, fundi. Nilikuwa nalegeza springi tu."

Baadaye niliifungua mwenyewe. Bomba la risasi lilikuwa na mbonyeo mdogo usiouona kwa nje. Risasi moja ilikwama humo. Alipokoki kuhakikisha iko tupu, ikaachia, ikapanda chemba, pale nyuma ya mtutu. Akafyatua kulegeza springi, mtutu ukielekea kule kule tulikokuwa tunapiga siku zote. Maelezo yamekamilika, kila kipande kipo mahali pake.

Kipande kimoja tu sina. Nilikwenda kwenye kile kichuguu mara nyingi siku zile mbili, na hakikuwahi kulia kwa sababu ya hatua zangu.

Nilichukua ile mbaya ya Mzee Gama. Wanaotaka ushauri, huo hapo: msichague bunduki kwa sura. Chukua ile ambayo magazini yake unaichomoa kwa mkono wako, ukaona tumbo lake na chemba yake kwa macho. Ibebe ikiwa wazi, na mtu asiende mbele mpaka wote waione iko wazi.

Kichuguu sikukipiga tena. Nikamwambia OCD nahamisha uwanja, akanipa muda. Nikaazima sepetu, matoroli, mkokoteni wa ng'ombe, nikainua tuta jipya upande wa pili wa shamba. Wale wale wa baraza walikuja kutazama, wakaishia kubeba udongo. Kibali kikatoka.

Siku niliyorudisha vitu vya watu ilikuwa Jumamosi. Kila sepetu ilirudi imeoshwa, kila toroli limetiwa grisi, na kila aliyeniazima alipata debe lake la ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nikarudi kwa shangazi nikijisifu kwamba Songea nzima hakuna anayenidai.

Alikuwa anachambua maharage. Akaniangalia kidogo.

"Wote umewalipa?"

"Wote, shangazi."

"Na aliyekuazima roho?"

Nilivua viatu, nikaenda, nikasimama mbele ya kichuguu. Nilikaa pale mpaka jua likageuka. Kilikuwa kimya kabisa.

Wakuu wa Ruvuma na wengine mnaojua deni la namna hii hulipwaje, semeni hapa chini. Na wa kunieleza habari za mchwa, hizo ninazo tayari.