Mguu Wangu, Mikono ya Chef

Siku ya kwanza kazini sikupiga hata noti moja. Nilikuwa nimetoka korali ya parokia, najua piano kidogo, najiona msanii kamili. Chef d'orchestre, mkubwa wa bendi yetu katika hoteli moja hapa Bukavu, aliniweka mbele ya vibrafoni: mabamba ya alumini yaliyopangwa kama piano, kila bamba na bomba lake chini.

"Papa, mimi nilikuja kupiga," nikamwambia.

"Utapiga. Kwanza weka muguu ku pedali."

Pedali ukiikanyaga, sauti inabaki hewani, ukiiachia, inakatika. Basi yeye alipiga, mimi nikafanya mguu, bega kwa bega, mpaka nikajua anapovuta pumzi. Ninyi vijana mnataka kuanza na solo. Sisi jazi tulianza nayo hivyo, chini kabisa.

Aliponipa bageti, vile vijiti vya vichwa vya uzi, alinikemea kila siku. "Usijaze fasi yote, ma fille. Acha wengine nao wapumue." Aliniita binti yake, nami nilimpenda yule muzee kama baba yangu.

Halafu, Zaïre ikiwa bado Zaïre na kila mtu akiitwa citoyen, yaani raia, mikono yake ikaanza kutetemeka. Bageti ikawa inaangukia bamba la jirani. Gérant, meneja wa hoteli, alimwita mbele yetu sote.

"Citoyen, samedi huyu binti njo atapiga. Wewe ubakie nyumbani, upumuzike."

Mke wa Chef alishafariki, watoto wako Kinshasa. Nyumbani kulikuwa na kiti na redio tu. Nilijua akienda kupumzika hatarudi, na roho iliniuma sana.

Moteri ya vibrafoni nayo ilikuwa imekufa. Ndiyo inayozungusha visahani ndani ya mabomba ili sauti iwe na mawimbi. Mkanda wake ulikatika, na vipuri havikupatikana. Tulijaribu mpaka mkanda wa cherehani kutoka soko la Nyawera. Nikamwambia Gérant, "Bila Chef, hii chombo haitaimba. Nani atazungusha visahani kwa mkono?"

Jumamosi Chef alivaa abacost yake, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, akaketi ubavuni mwangu, akazungusha kigurudumu cha visahani kwa kiganja. Mkono ukiwa na kazi ulitetemeka kidogo tu. Kwenye wimbo wa polepole alipunguza mwendo kila nilipokaribia kumaliza sentensi ya muziki, jambo ambalo moteri haikuwahi kulijua. Nilipiga huku nalia, wala sikujificha.

Gérant alisubiri makofi yaishe. "Chef," akasema, "samedi ingine usichelewe."

Alizungusha hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi niliendelea kupiga, kisha kufundisha, na sasa niko pensheni, vidole vimekakamaa. Neema, mwanafunzi wangu, huja nyumbani baada ya misa. Vibrafoni niliyo nayo hapa sasa ina moteri mpya, nzuri, haina kelele.

"Maman, niwashe?" aliniuliza juzi, tukianza wimbo wa polepole.

"Acha, mutoto wangu. Niletee kiti, nikae hapa pembeni yako."