Sufuria ya Tatu ya Mama Subira

Mama Subira ndiye mpishi wa mashua inayoshuka kutoka bandari ya Kasongo hadi Kibombo. Ni mwanamke mfupi, wa umri wangu, hamsini na kidogo, sauti yake imekauka kwa moshi, na akitembea juu ya mbao za mashua hashiki kitu. Mimi si mtu wa kuandika habari za watu. Shule niliiacha darasa la sita, na hata kuongea si kazi yangu. Lakini huyu nataka ajulikane, kwa sababu mtoto wangu Darlène yuko hai, na yeye ana mkono katika jambo hilo.

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Kasongo. Nilipomwoa Pascaline nilimwahidi kwamba siku moja tutapanda mashua, tuone mto tukiwa juu yake, bila kwenda matanga wala biashara. Kutembea tu. Ilipita miaka kumi na tisa. Mwaka huu, baada ya kuvuna mpunga, kaka yake anayekaa Kibombo alituita, nikaona sina tena sababu ya kukataa. Majirani waliuliza nani amekufa. Tulipowaambia hakuna aliyekufa, waliuliza tunapeleka nini kuuza. Pascaline akawajibu kwamba tunapeleka macho.

Jambo moja tu lilinitia hofu. Darlène ana miaka minane, na mwili wake unakataa karanga. Alipokuwa na miaka mitano jirani alimpa kipande cha ndizi kilichochovywa katika mchuzi wa karanga. Kabla hajamaliza, midomo ilivimba, macho yakafumba, na pumzi ikawa inapiga filimbi. Nilimweka mbele ya baiskeli nikakanyaga hadi kituo cha afya kama mwizi anayefukuzwa. Muuguzi, Laetitia, alimdunga sindano. Baadaye alitueleza kwa upole kwamba siyo karanga tu. Hata kijiko kilichotoka katika sufuria ya karanga kinaweza kumrudisha pale pale, na safari nyingine huenda isiwe na sindano karibu.

Sasa, kwetu karanga ziko kila mahali. Ziko katika sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, katika mchuzi wa kuku, juu ya samaki wakavu. Na kutoka Kasongo hadi Kibombo ni siku mbili za maji na pori. Ukiona nyumba ukingoni, ni nyumba tano, na muuguzi hayuko.

Tulipanga hivi: tutabeba chakula chetu, mihogo ya kuchemsha, ndizi, na samaki aliyekaushwa nyumbani. Na Pascaline ndiye atakayezungumza na mpishi. Kwetu nyumbani Pascaline ndiye huzungumza. Mimi hukaza nati.

Tulifika bandarini kwa pikipiki mbili, asubuhi. Mashua ni ndefu, ya mbao, injini nyuma, turubai katikati, watu kama arobaini na mizigo yao. Nauli inakupa nafasi ya kukaa juu ya gunia la mtu mwingine. Mengine yote unaongeza: kiti cha plastiki chini ya turubai, maji ya moto ya kuoga jioni mashua ikifunga, kuchaji simu kwa jenereta, kahawa ya tangawizi, na sahani ya Mama Subira. Kapiteni Abdoul alipita akivitangaza kimoja kimoja, kama padri anayesoma majina ya wachumba. Nilimchukulia Pascaline kiti. Alikaa pale kama mke wa gavana kwa muda wa nusu saa. Halafu mto ukamgeuza tumbo, akalala chini, kichwa juu ya kifurushi, akasema tusimsemeshe.

Hivyo kazi ya kuzungumza ikabaki kwangu.

Niliyapanga maneno kichwani. Niliyapanga tena. Kila nilipotaka kuinuka, kulikuwa na watu wamekaa kati yangu na mpishi, na wote wangesikia. Nikaamua nimwangalie kwanza. Alikuwa na mbabula mbili, yale majiko ya makaa, kila moja juu ya sanduku lake la mchanga, moja kushoto na moja kulia. Ya kulia ilikuwa na sufuria yenye kitambaa cha buluu kwenye mkono wake. Hiyo ni ya Waislamu, na ya kila mtu anayetaka. Ya kushoto ni ya wanaokula nguruwe wa porini na kima, maana Wakristo wanapanda na nyama zao na kuomba wapikiwe. Vijiko vyake havikuvuka upande. Akitoka kushoto kwenda kulia alinawa mikono hadi kwenye kiwiko, hata kama mashua yote inamsubiri. Asubuhi nzima sikuona karanga katika sufuria yoyote. Nikamshukuru Mungu kwamba ameniokoa na kusema.

Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Mchana nilikuwa nimegeuka kutazama kiboko ambaye Glody, mwanetu mkubwa, alisema amemwona. Hakuwa kiboko, lilikuwa gogo. Niliporudisha macho, Mama Subira alikuwa amechuchumaa mbele ya Darlène na sahani ya bati. Wali, na juu yake sombe ya moto. Alikuwa anamwambia kwamba tangu asubuhi anamwona anakula mihogo baridi, na kwamba hii haiongezwi juu ya nauli, ni ya bure, ni zawadi. Darlène alinitazama, kisha akatazama sahani. Mtoto alikuwa na njaa. Nikasikia harufu. Karanga zilizotwangwa zikichanganyika na sombe hazionekani kwa jicho, lakini mimi harufu ile naijua kuliko ya gundi ya matairi.

Mkono wa mtoto ulikuwa umeshafika kwenye sahani. Neno halikutoka. Niliipiga sahani kwa kofi, ikaruka, sombe ikamwagika juu ya mbao na juu ya kitenge cha Mama Subira. Nikaushika mkono wa Darlène nikautumbukiza ndani ya mto.

Watu wote wakageuka kututazama.

Lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Kukataa chakula cha mtu mbele za watu ni kumwita mulozi, mtu anayetia wenzake sumu. Kukimwaga ni zaidi. Na mwanamke anayelisha watu arobaini kila wiki, jina hilo likimshika, hatapika tena juu ya mto huu.

Mfanyabiashara mmoja wa chumvi, Mzee Nourdine, aliyekuwa karibu, alisema kwa sauti ya chini iliyofika mbali, akinitazama mimi:

“Tangu asubuhi hakutoa hata salamu. Kumbe alikuwa anawaza hii.”

Wengine waliitikia. Mmoja alishauri tushushwe ukingoni. Kapiteni Abdoul alipunguza injini. Mama Subira hakufuta kitenge chake. Alisimama.

“Papa, sema mbele ya hawa wote. Mimi iko mulozi?”

Nilimtazama Pascaline. Alikuwa ameinua kichwa, uso wake wa kijivu, lakini hakusema. Baadaye aliniambia hakuwa na nguvu. Mimi nadhani aliniachia.

“Hapana, mama,” nilisema. “Mutoto wangu, karanga zinamuua.”

Halafu maneno mengine yakafuata, siyo yale niliyoyapanga. Nilieleza ndizi, midomo, filimbi ya pumzi, baiskeli, sindano. Nilieleza kijiko. Nilisema kwamba nilipaswa kumwambia tangu asubuhi na nikaona haya, na kwamba yeye hana kosa, kosa lote ni langu. Sikumbuki kama nilikuwa nimesimama au nimekaa. Nakumbuka mkono wa Darlène ulikuwa baridi ndani ya wangu.

Mzee Nourdine akacheka kidogo, siyo kwa ubaya. Akasema hao ni watoto wa siku hizi. Mumpe kidogo leo, kidogo kesho, mwili utazoea.

Mama Subira akamgeukia.

“Na wewe, Mzee, nguruwe nikikuwekea kidogo leo, kidogo kesho, utazoea?”

Watu walicheka mpaka mashua ikayumba. Mzee Nourdine mwenyewe alicheka, akafunika uso kwa kofia yake, na neno la kutushusha likafa hapo. Mama Subira hakucheka. Alikuwa bado ananitazama.

“Ni karanga tu, ao hata chombo kilichozigusa?”

“Hata chombo.”

“Hata mukono?”

“Hata mukono, mama.”

Alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayesikia injini ina ugonjwa gani. Kisha akaanza kazi. Alinawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, akabadilisha kitenge. Alimwamuru Glody asugue mbao palipomwagika. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele akiuza karanga za kukaanga kwenye beseni, niliyemkwepa tangu tulipopanda, alihamishiwa nyuma, karibu na injini, alikonung'unika kwamba tangu lini mtoto mmoja anahamisha soko. Mama Subira alimjibu kwamba tangu leo. Akatangaza kwamba kila aliyekula sombe anawe kabla ya kupita pale mtoto alipo. Na watu walinawa. Wale waliotaka kutushusha ndio walioinama kwanza. Mimi ningewaomba mwezi mzima wasingefanya. Yeye alisema mara moja.

Jioni mashua ilipofunga kwenye kijiji, kabla jua halijazama, alishuka mwenyewe akarudi na sufuria ya udongo, mpya, iliyokuwa haijaona moto. Alichonga kijiko cha mti mbichi. Alifungua kitambaa cha kichwa chake, cha manjano, akararua ukingo wake na kuufunga shingoni mwa ile sufuria. Mbabula ya tatu hakuwa nayo, akapanga mawe matatu mchangani, nje ya mashua. Nilimwuliza nimpe nini juu ya nauli. Akasema hicho si kitu cha kuongeza. Nikakaa nikimchochea moto, na hapo ndipo aliponieleza maisha yake, bila mimi kuuliza.

Alizaliwa Wamaza, katika Kabambare. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mkatoliki, na hakuna aliyemvuta mwenzake. Walikubaliana tu juu ya meko: moja la baba, moja la mama, ua mmoja. Siku moja, akiwa mdogo kuliko Darlène, alichukua kijiko cha mama akakorogea uji wa baba. Aliyempiga ni mama. Alimwambia: baba yako hatajua, na kwa sababu hatajua ndiyo maana hutakiwi kufanya. Aliolewa na mchimba dhahabu wa Lusangi. Mume akarudi na kifua kibovu, na leo anakaa nyumbani akisuka mikeka, mtu wa utani mwingi, alisema, anayemwita yeye “Amirali”, kama mkuu wa meli za vita. Yeye mwenyewe amepika juu ya mto miaka kumi na moja.

“Watu wanafikiri kazi yangu ni kupika,” alisema. “Kupika kila mutu anajua. Kazi yangu ni mutu ale asiulize.”

Darlène alikula. Wali wa moto, samaki wa siku ile, mawese na chumvi tu. Nilikaa mbele yake nikimtazama midomo, nikimhesabia pumzi. Mama Subira alikaa upande wa pili akifanya vile vile, na hakuinuka mpaka sahani ilipobaki tupu na muda mrefu ukapita. Mtoto akatuuliza kwa nini tunamtazama kama sinema. Pascaline, aliyepata nguvu kwa kukanyaga ardhi, alimshika Mama Subira mikono yote miwili akasema yote ambayo mimi sikuweza. Mimi nilisema asante, mama. Alisema ndiyo.

Asubuhi yule mwenye beseni la karanga alikuja akasimama hatua tano mbali, mikono nyuma, akauliza mtoto ameamka vipi.

Kibombo tulikaa siku nane. Tulitembea, tulikula, tulipigwa picha. Pascaline anaweza kuwaeleza hayo vizuri zaidi.

Tulirudi na mashua ile ile. Safari hii, watu walipokuwa wamekwisha kupanda na kabla injini haijawashwa, Mama Subira alisimama katikati, mbele ya mbabula zake. Sasa zilikuwa tatu. Aliuliza kwa sauti nani ana chakula ambacho mwili wake unakikataa, aseme sasa, maana atakapokuwa amekwisha kupika hataki kofi tena. Watu wakacheka, halafu wakatazamana. Babu mmoja aliinua mkono: mayai yanamwasha mwili mzima, na hakuwahi kumwambia mke wake wa pili. Mama mmoja mwenye mimba akasema harufu ya samaki. Kijana mmoja akasema maharage, wenzake wakampigia kelele.

Mama Subira aliwaitikia wote. Kisha akanigeukia mimi. Alijua kila kitu, mtoto alikuwa tayari ameegemea goti lake. Lakini alingoja, na mashua yote ikangoja pamoja naye.

Nilisimama. “Mutoto wangu Darlène,” nilisema, kwa nguvu hadi kapiteni Abdoul kule nyuma akageuka, “karanga. Hata kijiko, hata mukono.”

“Nimesikia, Papa Glody,” alisema. “Mukae.”

Injini ikawaka.