Masahihisho ya Mwalimu

Walimu wenzangu hapa Karatu wanasema nina mdomo. Sibishi. Nikipatia nasema nimepatia, na siku hizi nikikosea nasema pia. Ila kuna jambo moja wanalolishangaa kwangu: jioni nikikaa kuchambua mboga, sitaki mtu aniongeleshe. Simu nazima, redio nazima. Najiuliza leo nimemkosea nani, na siinuki mpaka nimejijibu. Watu wanadhani busara inakuja na mvi. Mvi ninazo, na naapa hazijanifundisha kitu. Aliyenifundisha ni msichana wa darasa la saba.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya msingi upande wa Endulen, ndani ya hifadhi ya wanyamapori. Mimi ni Mwiraqw, mtoto wa wakulima, nimekulia kwenye mahindi na mbaazi. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa watoto wa wafugaji. Darasani nilikuwa na sheria moja: ukikosa, unafanya masahihisho mara kumi, na huna cha kunieleza.

Siku moja nikawapa insha ya ukurasa mzima, kichwa chake "Shamba Letu." Nilipokuwa mdogo niliandika insha hiyohiyo nikapata alama nzuri, basi sikuona haja ya kufikiri zaidi. Madaftari yakaja. Msichana mmoja, mwenye akili na mkaidi wa kimyakimya, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Sisi hatuna shamba, huku hakulimwi."

Nikapandwa na hasira. Niliona ananifanyia jeuri. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. "Wewe unajifanya mjuaji? Chukua daftari lako uende kwenu. Usirudi hapa mpaka ukurasa ujae."

Akachukua daftari, akaenda. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Wiki ikakatika. Mwalimu mkuu aliponiuliza, nikamjibu kwamba mtoto ana kiburi, akichoka kukaa nyumbani atarudi mwenyewe. Akaniambia kwamba kiangazi kimeshaingia na familia ile iko mbioni kuhama na ng'ombe kufuata majani. Wakishahama, mtihani wa mwisho utafanyika yeye akiwa mbali, na shule itakuwa imemwishia hapo. Nikasema hayo ni ya wazazi wake. Nilisema hivyo huku natafuna andazi.

Ijumaa kiroba changu kikafika. Kila wiki mama yangu alikuwa akinitumia mboga kutoka Karatu kwa gari lililoleta bidhaa za dukani: sukuma, mnafu, vitunguu. Alinitumia kwa sababu siku nilipohamia pale nilishika jembe nitengeneze tuta la mboga nyuma ya nyumba, majirani wakaniwahi. Weka chini, mwalimu, ndani ya hifadhi kulima ni marufuku, hata tuta moja. Nililalamika mwezi mzima. Kila nikimpigia mama simu, wimbo ulikuwa huohuo: huku kugumu, huku hakulimwi.

Nilikuwa nachambua mnafu maneno hayo yaliponirudia. Huku hakulimwi. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na yalikuwa kwenye daftari la yule mtoto. Kama ningekuwa sijui, ningejisamehe. Nilijua. Nimelalamika, nimetumiwa mboga, nimekula, halafu nimemfukuza mtoto kwa kusema kitu ninachokisema mimi kila siku. Kweli nyani haoni kundule. Niliona aibu mpaka mboga zikanishinda kupika.

Asubuhi nikatembea mwendo wa saa mbili mpaka bomani kwao. Nilikuta punda wameshaanza kufungwa mizigo. Mama yake akanipa kigoda, akanipa chai ya maziwa, wala hakunisema kwa lolote. Msichana akaja akainamisha kichwa, nikamgusa utosini kama ilivyo desturi yao. Kabla sijafungua mdomo, akanipa daftari.

Ukurasa ulikuwa umejaa mpaka chini kabisa.

"Shamba letu lina mahindi mengi. Baba anayajua yote kwa rangi zake. Tunavuna asubuhi na jioni. Mvua ikikosekana tunalihamisha shamba mlimani, na mimi natembea nyuma yake lisipotee."

"Nimejaza, mwalimu," akasema. "Naweza kurudi?"

Nimesahihisha madaftari mengi maishani, lile lilinishinda. Nilikuwa nimemfanya mtoto mkweli aniandikie uongo ili aruhusiwe kusoma. Lakini nilichoendea nilikisema, na nilikisema mbele ya mama yake.

"Ule mstari wako wa kwanza ulikuwa sahihi. Niliyekosa ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

Sidhani kama mama mtu aliwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Kisha akainuka, akaenda kwa punda wa mwisho, akafungua kamba, akatoa furushi moja dogo na kuliweka miguuni pa binti yake. "Atakaa kwa shangazi yake, karibu na shule," akaniambia. "Sisi tutahama."

Tukarudi wawili. Yeye alitangulia, furushi mgongoni. Nami kwa mara ya kwanza sikutafuta la kusema. Tulipoanza kuona bati la shule, akasimama akageuka.

"Mwalimu, si ulisema anayekosa anafanya masahihisho mara kumi?"

"Nilisema."

"Sasa wewe utaanza lini?"

Nilitaka kucheka. Yeye hakuwa anacheka. Alisimama palepale njiani, ananisubiri.

"Leo jioni," nikamwambia.